Kolgeti ya Whitedent na Kopo Langu la Kahawa

Jana jioni Mama Somoe kanituma dukani. Mwanamume mzima, fundi cherehani mwenye kibanda chake sokoni hapa Mtwara, natumwa na noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne kama hirizi. "Baba Somoe, lete Omo." Basi, hakuna maelezo mengine.

Nikafika kwa Mangi. Tunamwita Mangi ingawa ni Mmakonde wa Newala, Kilimanjaro kaiona kwenye chupa ya maji tu. Nikasema nipe Omo. Akaniuliza, "Omo ipi?" Nikaona huyu ananichezea. Omo, Omo yenyewe! Akanipa, nikarudi nyumbani kifua mbele. Mama Somoe akaitazama pakiti, akanitazama mimi, akairudia pakiti, kama anayetafuta nani kati yetu ana kosa kubwa zaidi.

"Nimekutuma Omo, umeleta nini?"

"Si Omo hii?"

"Mimi natumia Omo ya Foma. Mwaka wa ngapi huu unaishi humu ndani?"

Wajameni, Omo ya Foma! Na asubuhi yake Somoe alikuwa kaniomba pesa ya kolgeti ya Whitedent, nikatoa bila kushtuka, maana hiyo nimeshaizoea. Nyumba yangu imejaa majina ya watu. Kalamu zote ni biki, hata iliyoandikwa Kichina. Yule Mfaransa Marcel Bich alipoanza kuziuza mwaka 1950 alijikata herufi ya mwisho ya jina lake, sisi tukamwongezea nyingine. Rangi ya viatu yoyote ni kiwi. Hiyo ilianzia Australia mwaka 1906, mwenyewe akaipa jina la ndege wa Nyuzilandi kwa sababu mkewe alikuwa mtu wa huko. Mnaona? Hata huko mke alihusika.

Sasa msidhani nalalamika kwa ushamba. Mimi ni mtu wa ndani ya mambo haya. Kijana analeta suruali niliyomshonea mwenyewe, kitambaa cha hapahapa sokoni, wiki nzima analia kwamba inambana mapajani. Siku ya siku anakuja na kilebo cha Kizungu kakinunua anakokujua. "Fundi, nibandikie hapa nyuma." Nakipiga mshono, mia tano yangu naweka mfukoni. Suruali ileile, mapaja yaleyale, lakini toka hapo haimbani tena! Anatembea nusu mgongo ili watu wasome. Nami nikiwa nimekaa kwenye Singer yangu nasema moyoni, binadamu bwana, unamshonea jina kiunoni anaona umemshonea suruali mpya.

Kwa hiyo nilijiona nimeshavuka. Mtu anayeshona lebo atadanganywa na lebo gani?

Kuna mpwa wangu anasoma biashara chuoni hapa, pale Stella Maris. Bumu likikata anakumbuka ana mjomba. Anakula, halafu analipa kwa elimu. Ndiye aliyenieleza kwamba mwaka 1985 wenye Coca-Cola kule Marekani walibadilisha ladha ya soda yao. Hawakukurupuka. Waliwaonjesha watu karibu laki mbili bila kuwatajia jina, na wengi wakasema hii mpya tamu zaidi. Ikaingia sokoni, nchi ikawaka. Simu, barua, matusi. Siku 79 tu, ladha ya zamani ikarudishwa. Nikamwambia mpwa, watu wazima wanalilia soda, na sisi huku tunapigwa bei ya korosho hatulii hivyo. Akacheka, akaongeza ugali.

Akaniambia na jingine, hili ndilo lililoniponza. Eti wachumi wa hukohuko walitoa utafiti mwaka 2015, walichungulia manunuzi ya watu. Wakakuta wafamasia wakiumwa kichwa wananunua kidonge cha bei nafuu, kisicho na jina kubwa, kuliko wanavyofanya watu wengine. Wapishi nao hivyohivyo kwenye chumvi na sukari. Anayekijua kitu halipii jina. Nikafurahi, nikaona hao ni mafundi wenzangu.

Wiki hiyohiyo Mama Somoe akaamka na kichwa. "Niletee Panadol." Nikaenda duka la dawa, nikasoma kwa miwani: paracetamol miligramu 500 huku, paracetamol miligramu 500 kule, moja bei yake ni ya kawaida na nyingine bei yake ina jina. Nikachukua ya kawaida, chenji nikaishika kwa fahari. Akameza viwili. Dakika kumi tu, "Hakishuki." Nikamwambia dawa iko njiani. "Iko njiani inatoka Masasi?" Akamtuma Somoe kwa jirani, kikaja chenye jina, akakimeza, na baada ya muda kichwa kikashuka. Nani alikishusha? Cha kwanza kilichotangulia au cha pili kilichokuja kukuta kazi imeshafanyika? Mimi hesabu yangu ninayo, ila humu ndani sina mahakama ya kuipeleka. Jina likapewa ushindi, nikapewa ubahili.

Lakini pale ndipo nilipoelewa kitu ambacho mpwa hakunifundisha. Jina ni mdhamini. Kichwa kisiposhuka kwa Panadol, tunasema ugonjwa huu mkali, tumpeleke hospitali ya Ligula. Kisiposhuka kwa changu, ugonjwa unasahaulika, kesi inakuwa yangu. Ukipeleka msibani unga watu wasioujua, na uji ukawa na mabonge, mpishi hana kosa, mwenye kosa ni wewe uliyeleta unga wa ajabu. Ukipeleka unaojulikana, mabonge ni ya mpishi. Tunalipia ile nafasi ya kusema "si mimi". Mia tatu, mia tano juu ya bei, na ukipiga hesabu ya maneno utakayoepuka, ni nafuu.

Ingawa wengine wana sababu zao ambazo hata mdhamini hazimhusu. Jirani yangu Baba Hamisi anajenga. Yanga yule, Yanga wa kuota. Shemeji yake akampatia saruji ya Simba kwa bei ya kutupa, akaikataa mbele za watu. Eti hawezi kulala ndani ya Simba! Nikamwambia, Baba Hamisi, Simba wa saruji anatoka Tanga, Simba wa mpira anatoka Msimbazi, hawajuani hata kwa salamu. Akasema jina ni jina. Akajenga kwa Dangote. Ungedhani ni kwa sababu kiwanda kipo hapahapa Mtwara tangu mwaka 2015, vijana wetu wanapata ajira. Hapana, sababu yake ni kwamba Dangote hachezi ligi.

Na sisi wa Kusini tuna ugonjwa mwingine, wa barabara. Nyinyi watoto wa lami hamuwezi kuelewa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, ukitaka Dar unavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikikolea hakuna Ndundu wala Dar, ni wewe na Mungu wako. Dukani kinabaki kilichobaki. Mama yangu alifulia sabuni ya mche ya bluu miaka nenda rudi, wala si kwamba aliichagua! Ndiyo iliyowahi kuvuka mto. Leo magari yanaingia usiku na mchana, sabuni za kila rangi, za maji, za unga, zenye harufu ya malimau. Bi mkubwa anazinusa, anazirudisha. "Hii haitoi povu la haki." Povu la haki!

Mpwa akasema hata hilo limeandikwa. Mwaka 2012 wachumi walitoka na utafiti wa Wamarekani waliohama jimbo, wakaona mtu akihamia kwingine ananunua vya wenyeji haraka kwa sehemu kubwa, lakini ile sehemu iliyobaki, ya vya kwao alikotoka, inachukua zaidi ya miaka 20 kupungua hata nusu. Nikamwambia daraja lina zaidi ya miaka 20 na bibi yako hajapunguza hata robo.

Tusimcheke bibi, mimi mwenyewe mtandao wangu wa simu unanila bando kila siku kama mchwa. Tangu mwaka 2017 inaruhusiwa kuhama na namba yako ileile. Sijahama. Nitahama Jumatatu.

Mama Somoe naye kanga hanunui mpaka ageuze pindo asome "Mali ya Abdulla". Mimi mshona nguo nimemwambia mara ngapi, angalia uzi, vuta kitambaa, loweka kona uone kama rangi inatoka. Ananijibu, "Abdulla ameshavuta kwa niaba yangu." Nimekosa la kusema. Ni mdhamini tena, umeona?

Basi, hayo ya wengine. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokuwa naringia kwa haki, kahawa yangu ya kopo. Sitaitaja, wasije wakanidai. Kila asubuhi kijiko kimoja na nusu, na muhogo wa kuchemsha pembeni. Nimewahi kunyweshwa nyingine ugenini Lindi, nikaitambua kabla haijafika kooni, nikaweka kikombe chini kwa adabu. Kila wiki mbili natoa elfu nne, Mama Somoe ananunua. Mtu mwenye ulimi kama wangu, nilikuwa nawaambia wateja, lebo atashona lakini hatashonewa.

Juzi Somoe akachungulia kopo. "Baba, kahawa imekwisha. Nimwambie mama alijaze?"

"Alijaze?"

Mtoto akaona kamwaga kitu, akakimbilia nje. Nikasimama na lile kopo mkononi. Kweli, kutu kwenye ukingo. Kweli, kibonyo ubavuni. Mbona kopo jipya kila wiki mbili linakuja na kibonyo kilekile?

Nikaita kikao. Mama Somoe hakukana, alikuwa anachambua mchele. Kumbe ana miaka miwili ananunua pakiti ya elfu mbili na mia tano, anaimimina kwenye kopo la zamani, elfu moja na mia tano inakwenda kwenye kikoba chao. Nikapiga hesabu kichwani, wiki mbili mara ishirini na sita, mara miaka miwili, elfu sabini na nane. "Na godoro unalolisifia umedhani limetoka wapi?" akaniuliza, macho kwenye mchele.

Hasira ya fundi mnaijua. Asubuhi nikaenda mwenyewe kwa Mangi, nikanunua kopo la kweli, limefungwa, linang'aa, halina kibonyo. Nikachemsha maji mwenyewe. Kijiko kimoja na nusu. Nikavuta harufu, nikaonja.

Siyo!

Nikaonja tena. Chungu pasipotakiwa, na nyuma yake kuna kitu kama moshi. Nikalichukua kopo mpaka dukani, nikamwambia Mangi mbele ya wateja, bwana umeuziwa feki, hii siyo. Mangi akalisoma juu, akalisoma chini, akafungua na jingine, tukanusa yote mawili. "Mzee, hiyo ndiyo yenyewe. Haijabadilika." Dada mmoja aliyekuja kununua mkaa akacheka ndani ya mtandio.

Nikarudi kwa njia ya nyuma. Mama Somoe yupo palepale kizingitini na ungo wake. Nikakaa. Nikakohoa kidogo. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, ile pakiti inaitwaje.

"Jina la nini? Toa elfu nne, nikujazie."

Nikatoa.