Nilivyocheza Ng'ombe Pemba Bila Kuombwa

Nilipowaaga jamaa wa kijiweni Temeke kwamba nakwenda Pemba ukweni, kila mmoja alikuwa na nasaha yake, na zote zilihusu uchawi. Usiokote kitu njiani. Bibi kizee akikuomba maji, mpe upesi. Ukisikia mtoto analia juu ya mti usiku, usitazame juu. (Huyo mtoto ni komba, mnyama mdogo mwenye macho makubwa kuliko kichwa chake kinavyoruhusu, na analia vilevile hapo Pugu tu.) Nasaha zote hizo nilizibeba kwenye boti, nikapanda nazo gari pale bandari ya Mkoani, nikalala nazo. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kunitajia ng'ombe.

Kwanza kisiwa chenyewe. Kwenye ramani unaona kijikitu chembamba, kilomita 67 hivi kwa urefu na upana usiofika 25, unajisemea hiki nakimaliza kabla ya chai. Thubutu! Pemba haijawahi kuonana na tambarare. Unapanda kilima chenye mikarafuu, unateremka bonde lenye mpunga, unapanda tena, miguu inatetemeka, na kila ukiuliza kama bado, shemeji yangu anajibu, "Hapo tu, ng'ambo ya bonde." Huyo shemeji, kaka yake mke wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi. Shule zilikuwa zimefungwa. Mdomo wake ulikuwa haujafungwa.

Alinipeleka Kidike nikaona popo wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Ni popo haswa, si wale vipande vya masizi tunaowaona darini. Manyoya ya kichwani ni mekundu kahawia, uso wa kimbwa, na mabawa akiyakunjua yanafika mita moja na nusu. Zamani watu waliwala, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 wakakaribia kwisha kabisa, ndipo wanakijiji wakaanza kuwalinda, na sasa wapo maelfu kwa maelfu. Nilisimama chini nikashangaa. Shemeji akanishika mkono akanisogeza pembeni. Kitu kikadondoka pale pale nilipokuwa nimesimama. "Hapa," akasema, "mtu hushangaa na mdomo umefungwa."

Akanipeleka na Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye wazee wanasema alikuwa mkatili hata akawalazimisha watu wake kubeba mawe ya ujenzi vichwani huku wakijiburuta kwa makalio. Alikuwa na wake wawili wasiopatana, na wanasema kisima kilikatwa kwa ukuta katikati ili wasionane wakiteka maji. Hilo la kisima nililielewa mara moja, maana nina majirani wa hivyo. La makalio nikaliona chumvi. Mtu mzima ataendaje kwa makalio?

Sasa siku ya ng'ombe. Kaskazi ilikuwa imeshika, msimu wa karafuu unaishia, na kijiji kimoja upande wa kusini wa kisiwa kiliandaa mchezo wa ng'ombe. Baba mkwe akaniambia nisiende na suruali ya jinzi, nitachemka. Akanipa msuli wake mwenyewe, wa mistari ya kijani, ule wa kuendea msikitini. Ieleweke kwamba baba mkwe akikupa msuli wake, hiyo ni heshima kubwa. Ieleweke pia kwamba sisi wa bara msuli tunauvaa, haujatuzoea. Kwa tahadhari nikavaa na bukta ndani, bukta ya Simba, nyekundu, na juu shati lenye mifuko miwili mikubwa kifuani.

Njiani shemeji akaanza historia ya mikarafuu tuliyopita chini yake. Mti huu si wa huku, asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo. Sultani Seyyid Said ndiye aliyewabana wenye mashamba waupande. Kitovu kilikuwa Unguja, lakini mwaka 1872 kimbunga kikapiga, kikang'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba kikaipita pembeni. Tangu hapo karafuu ni ya Wapemba. Halafu akapunguza sauti. Waliopanda na kuchuma enzi hizo walikuwa watumwa, na wengi waliletwa kutoka bara, upande wetu huko. Waingereza waliitwaa Zanzibar kuwa himaya yao mwaka 1890, lakini amri ya kufuta hadhi ya utumwa ikangoja hadi 1897, na waliolipwa fidia ni mabwana.

Nikamwambia basi mimi nina urithi wangu humu, nigawiwe hata mti mmoja. Akacheka, akasema nitauchagua mwenyewe.

Tulikuta uwanja umejaa. Ngoma, zumari, wanawake wamejipanga upande mmoja na kanga zao wakiimba, na kati ya hao, mstari wa mbele, mama mkwe. Nikamsalimia kwa mbali, nimeinamisha kichwa, kama inavyompasa mkwe. Pembeni mwa uwanja kulikuwa na majamvi ya karafuu zinazoanikwa, za shangazi yake mke wangu, zimeshaanza kugeuka kutoka wekundu kwenda kahawia, na shangazi mwenyewe amekaa kwenye kibao akizichambua makonyo, yaani vile vijiti vyake. Nikakaribishwa. Nikaulizwa habari za Dar na kwa nini nimekonda.

Ng'ombe alikuwa dume jeusi lenye nundu. Alifungwa kamba ndefu, wanaume kadhaa wameishika, na vijana wanaingia mmoja mmoja na kipande cha guo kumchokoza, akija wanakwepa, watu wanapiga vigelegele. Hachomwi mkuki wala hachinjwi. Mchezo ukiisha anarudi zizini kula majani yake. Ni mchezo wa kiungwana, naukubali, mradi kamba ishikwe. Kuhusu waliokuwa wameishika kamba ile sitasema mengi. Mmoja wao alikuwa anawasha sigara.

Niliona kamba inapita mchangani peke yake, inakwenda mbio. Mbele yake ng'ombe.

Wapemba walipanda miti kwa utaratibu ambao hata bandarini sijauona. Kulikuwa na mwembe mkubwa, imara, na nilipoufikia ulikuwa umeshajaa kuanzia watoto hadi mzee mwenye bakora. Shemeji alikuwa tawi la tatu, amekaa vizuri kabisa. Mti uliobaki ulikuwa mkarafuu. Sikuuliza ni wa nani. Nilipanda na msuli wa baba mkwe mpaka nikafika mahali ambapo nilihisi ng'ombe hata angekuwa na ngazi asingefika.

"Shemegi!" shemeji akapaza sauti. "Mkarafuu tawi lake jepesi kukatika! Wachumaji huanguka kila msimu!"

Nikamwambia anisogezee nafasi mwembeni. Akajifanya hasikii. Ng'ombe naye alipoona uwanja mtupu na jua kali, akatafuta kivuli. Miti yote ile, akachagua wangu. Akasimama chini yangu akihema, pembe zikinitazama.

"Usiogope," shemeji akaendelea kutoka kwenye usalama wake. "Mchezo huu wazee wanasema tuliachiwa na Wareno! Waliikalia pwani hii karibu miaka mia mbili! Waomani walipoiteka Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1698, ndiyo nguvu zao huku zikavunjika!"

Nilitaka kumjibu kwamba wangeondoka na ng'ombe wao. Lakini wakati huo nilikuwa nimeona kitu mbele ya pua yangu. Majani kama kumi ya mkarafuu yalikuwa yameshonwa pamoja, kingo kwa kingo, kwa uzi mweupe laini, yakawa mfuko wa ukubwa wa kichwa cha mtoto. Kazi safi. Nikaisogelea. Juu ya mfuko alisimama mdudu mmoja mwekundu, mwembamba, ameinua miguu ya mbele na kufungua taya, ananitazama. Nyuma yake wakatoka wenzake.

Maji moto.

Kama hujawahi kuumwa na maji moto, jina linatosha. Wenye minazi wanawapenda, maana wanafukuza wadudu wanaoharibu nazi. Uzi wa kushonea wanautoa kwa watoto wao: wanawashika mdomoni na kuwapitisha jani hadi jani. Yote haya nilielezwa baadaye. Kwa wakati ule nilijua tu kwamba wameingia kwa chini, kwenye msuli, na kwamba wanakwenda juu.

Chini ng'ombe, ndani maji moto, mbele mama mkwe. Nilijikaza kiume kwa muda ambao shemeji anasema ulikuwa mfupi sana. Halafu mikono yangu ikafanya uamuzi bila kunishirikisha. Nikakung'uta, nikajikuna, nikapiga mateke hewani, na fundo la msuli, ambalo tangu asubuhi lilikuwa linatafuta sababu, likaachia.

Msuli ulishuka taratibu, umejitandaza wote. Ukamwangukia ng'ombe kichwani, pembe moja ikatoboa, ukamfunika macho barabara.

Uwanja ukalipuka. Sijawahi kushangiliwa hivyo maishani. Vigelegele, ngoma, mzee wa mwembeni anagonga shina kwa bakora. Walidhani nimefanya makusudi! Kumfunika ng'ombe kutoka mtini, tena kwa msuli, ilikuwa mbinu ambayo haijawahi kuonekana uwanjani pale. Nikainua mkono kuwapungia.

Tawi likakatika.

Niliangukia majamvi ya shangazi. Sikuumia, maana karafuu zilizoanikwa ni godoro zuri, ila zilipaa zote angani na kurudi, nyingine nyweleni, nyingine mifukoni, nyingine kusikoandikika. Nilipofumbua macho nilimwona ng'ombe ametoa jicho moja kwenye msuli, na jicho hilo lilikuwa linatazama bukta. Miguu ikakataa kuinuka. Nikaanza kurudi nyuma, nimekaa, nikisukuma kwa visigino, jamvi linanifuata, nikauvuka uwanja mzima hivyo hivyo mbele ya wakwe zangu. Nikamkumbuka Mkama Ndume. Inawezekana kabisa, na mtu hufika mbali.

Wanaume wakaidaka kamba kabla sijafikiwa. Shemeji akashuka mwembeni, akaja kunieleza kwamba ng'ombe haoni wekundu kama sisi tunavyouona. Kinachomkera ni mtikisiko. Mimi siku hiyo nilikuwa navyo vyote viwili.

Mama mkwe alikuwa amejifunika kanga uso mzima. Niliomba ardhi ipasuke. Baadaye mke wangu aliniambia kwa simu kwamba mama yake alijifunika kwa sababu alikuwa anacheka na hakutaka kunivunjia heshima. Kulikuwa na kitu cha kuvunja bado? Wanawake wenzake hawakujifunika. Waligeuza wimbo pale pale: mgeni kaja na msuli, anarudi na bukta, na kiitikio chake sitakiandika.

Usiku shangazi, ambaye nilikuwa nimemmwagia mali yake, ndiye aliyenipaka mafuta ya karafuu pale palipovimba mgongoni, na penginepo akanipa chupa nijipake mwenyewe. Kwanza yanaunguza, unataka kumrudia ng'ombe. Halafu panakufa ganzi. Ndiyo maana madaktari wa meno wanayatumia. Nilinukia chungu cha pilau mpaka shuka ikaoshwa mara mbili. Baba mkwe aliingia, akanitazama, akauliza jambo moja tu: zilizomwagika zinafika pishi ngapi? Msuli wake ulirudishwa na mwenye ng'ombe, una tundu la pembe. Nilijitolea kumnunulia mwingine. Akakataa. Ijumaa aliuvaa, tundu limekaa mbele, na kila aliyemuuliza alisimuliwa kuanzia mwanzo.

Siku ya kuondoka nikafika bandarini Mkoani nimeshajisahau. Msimu wa karafuu mizigo hukaguliwa, maana karafuu huuzwa serikalini tu na magendo ni kesi kubwa. Askari mmoja kijana akafungua begi langu, akanusa. Akaninusa na mimi.

"Mzee, umebeba karafuu?"

Nikamwambia sina hata moja. Akatoa lile shati, akaingiza mkono mfuko wa kulia, akatoa konzi. Akaingiza wa kushoto, akatoa konzi nyingine. Akazimimina mezani, na juu ya rundo akashuka maji moto mmoja, mzima, mwenye hasira, aliyesafiri nami siku zote hizo.

Nikaanza kueleza. Nilisema ukweni, nikasema kamba, nikasema mkarafuu. Nilipofika kwenye msuli, yule askari akainua mkono ninyamaze. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye shemegi yake mwalimu?"

Nikakubali. Akageukia nyuma, akaita wenzake kwa sauti kwamba waje upesi, yupo hapa. Wakaja wanne. Wakanisalimia vizuri, wakanipa kiti, na mkubwa wao akaniuliza, kwa heshima zote, kama ile bukta imo humo begini.