Injini Zinazounguruma Getini mwa Shule

Saa ya kutoka shule inapokaribia, magari huanza kupanga foleni mbele ya geti, na mengi hayazimwi. Dereva yuko ndani, kiyoyozi kinafanya kazi, foleni inaweza kusogea wakati wowote, na dakika kumi zinaonekana chache mno kuzisumbukia. Hakuna mzazi anayefanya hivyo kwa kutaka kumdhuru mtu. Lakini wanaotoka kwenye geti hilo kwa miguu ni watoto, na pua ya mtoto wa darasa la kwanza iko karibu zaidi na kimo cha ekzosi kuliko pua ya mtu mzima. Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaotaka sheria na faini, na wapo wanaosema wazazi wanatwishwa lawama ya hewa chafu ambayo hawakuileta peke yao. Pande zote mbili zina hoja, ila hoja hizo hazina uzito sawa.

Kuhusu madhara ya moshi wenyewe sioni nafasi kubwa ya kubishana. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuingiza moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 shirika hilo lilikaza viwango vyake: kwa chembe laini zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, wastani wa mwaka ulishushwa kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na kwa naitrojeni dayoksaidi, ambayo injini za dizeli huitoa kwa wingi, kutoka 40 hadi 10. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake, na mapafu yake bado yanakua. Watafiti wa kusini mwa California waliofuatilia watoto kuanzia umri wa miaka 10 hadi 18 walionyesha mwaka 2004 kwamba waliokulia kwenye hewa chafu zaidi walimaliza umri huo wakiwa na mapafu yenye uwezo mdogo kuliko wenzao. Na huko London, Desemba 2020, afisa anayechunguza vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 mwenye pumu kali aliyefariki mwaka 2013.

Hata hivyo, ushahidi huu unapaswa kutumiwa kwa uangalifu. Ella aliishi karibu na barabara kubwa yenye magari mengi, na watoto wa California walivuta hewa ya miji mizima. Huo ni ushahidi kuhusu moshi kwa jumla; haukupima dakika kumi za getini. Anayedai kwamba injini zikizimwa hapo pumu itakwisha anadai zaidi ya anachokijua, na mzazi anayepinga ana haki ya kumwambia hivyo. Tunachokijua ni kwamba moshi huwa mzito pale unapotoka na hupungua nguvu kadiri unavyosambaa. Foleni ya magari iliyosimama kando ya ukuta wa shule, siku isiyo na upepo, inakusanya hewa chafu mahali pale pale na saa ile ile watoto wanapokusanyika. Huko Cincinnati, Marekani, hewa ilipimwa nje ya shule nne kabla na baada ya kampeni ya kuwataka madereva wazime injini. Kwenye shule iliyokuwa na mabasi mengi zaidi chembe laini zilipungua waziwazi; kwingine matokeo hayakuwa makubwa kiasi hicho. Mimi naona matokeo hayo yanawafaa wote wanaobishana. Kuzima kunasaidia, na kunasaidia zaidi penye dizeli nyingi.

Sasa twende kwa wanaokataa kuzima. Baadhi ya sababu zao zimepitwa na wakati. Wazo kwamba gari lisizimwe ovyo kwa sababu kuliwasha tena kunakula mafuta mengi lilirithiwa enzi za kabureta. Kwenye magari yanayopuliza mafuta kwa kompyuta, maabara ya Argonne ya Marekani ilikuta kwamba ukisimama kwa zaidi ya sekunde 10 hivi unapoteza mafuta mengi kuliko ukizima na kuwasha upya. Starta na betri ni hoja yenye ukweli kiasi kwa gari kuukuu, lakini kuzima mara moja tu wakati wa kumsubiri mtoto si mzigo wa kuviua. Mwenye betri inayokufa anajua kwamba tatizo lake haliishii shuleni.

Joto ni hoja nyingine kabisa, nayo naiheshimu. Gari lililofungwa juani linapanda joto haraka sana, na mzazi mwenye mtoto mchanga kwenye kiti cha nyuma hawezi kuambiwa azime kiyoyozi na avumilie. Vivyo hivyo kwenye baridi kali. Hong Kong, ambako tangu Desemba 2011 dereva haruhusiwi kuacha injini ikiunguruma kwa zaidi ya dakika 3 ndani ya saa moja, sheria yenyewe inalegezwa linapokuwepo tangazo rasmi la joto kali. Huo ndio utungaji wa sheria unaomtambua binadamu aliye ndani ya gari. Ila anayefunga vioo na kuwasha kiyoyozi akiwa katikati ya foleni asidhani amejikinga, maana gari lake linavuta hewa kutoka mbele, na mbele kuna ekzosi ya mwenzake. Mtoto wake mwenyewe anauvuta moshi ule ule.

Hoja nzito zaidi ya upinzani, ambayo wanaharakati wengi huikwepa, ni kwamba sehemu kubwa ya moshi wa safari ya shule haitoki wakati wa kusubiri. Kifaa kinachosafisha moshi ndani ya ekzosi, masega kwa lugha ya mafundi, hufanya kazi vizuri kikishapata joto la nyuzi mia kadhaa. Gari lililotoka nyumbani likiwa la baridi na kwenda kilomita moja au mbili linaweza kufika shuleni masega yakiwa bado hayajapata moto wa kutosha. Breki na matairi nayo hutoa chembe, hata kwenye gari la umeme. Kwa hiyo mzazi anayezima injini kwa utiifu baada ya safari fupi ambayo ingewezekana kwa miguu amefanya jambo jema dogo na kuliacha kubwa. Mzazi anayetoka mbali, pasipo usafiri wa umma unaoaminika, hana chaguo hilo, na kuwaweka wawili hawa kwenye kapu moja si haki.

Je, faini zinafaa? Uingereza ina mfano wa kujifunza. Kanuni za mwaka 2002 zinaziruhusu halmashauri nchini humo kumtoza pauni 20 dereva anayeacha injini ikiwaka bila sababu, lakini afisa huanza kwa kumwomba azime, na faini inakuja akikataa. Dereva akizima anapoombwa, mambo yamekwisha. Afisa akiondoka, hakuna kinachomzuia kuwasha tena. New York ni wakali zaidi: kikomo ni dakika 3, na kando ya shule ni dakika 1. Raia anayerekodi video ya lori au basi la biashara linalovunja sheria anaweza kupata robo ya faini. Mpango huo umeleta malalamiko mengi, lakini haugusi gari dogo la mzazi, na nadhani ni vizuri hivyo. Sitaki kuona wazazi wakirekodiana getini mbele ya watoto wao.

Maneno mazuri yalifanya kazi kuliko kumfanya dereva ahisi anatazamwa katika jaribio moja la Canterbury, Uingereza, kwenye kivuko cha reli ambako magari husubiri treni ipite. Kabla ya bango lolote, dereva mmoja kati ya watano ndiye aliyezima. Picha ya macho yanayotazama iliongeza idadi kidogo. Bango lililomtaka dereva ajifikirie mwenyewe, kisha azime, liliwafanya karibu nusu watii. Kivuko cha reli si shule, lakini hali inafanana: watu wamekaa, hawana la kufanya, na hawajui watasubiri kwa muda gani.

Kutojua muda huko ndiko, kwa maoni yangu, kiini cha suala zima, na hapo lawama inahamia kwa shule. Geti likiwa moja, kengele ikawa moja, na anayefika kwanza akahudumiwa kwanza, mzazi mwenye akili atafika nusu saa mapema. Foleni ikisogea hatua moja moja, hakuna atakayezima, na siwezi kumlaumu. Shule ikitoa madarasa kwa zamu, ikafungua geti la pili, ikawaita watoto pale tu gari linapofika, muda wa kusubiri unapungua kwa kila mtu bila askari wala faini. Ikiweka kivuli na viti karibu na geti, mzazi anaweza kutoka garini na kusimama mahali penye ubaridi, na hoja ya joto inapungua makali. Bila kivuli, bango la kuzima injini linaomba jambo ambalo halijawezeshwa.

Miji mingine imekwenda mbele zaidi kwa kuifunga barabara ya shule kwa magari saa za kuingia na kutoka. Bolzano, Italia, walianza mwaka 1989, na London sasa ina barabara za namna hiyo kwa mamia. Naunga mkono, kwa masharti mawili. Mtoto asiyeweza kutembea afikishwe hadi mlangoni bila kuombewa kibali kila siku, na mtaa wa jirani usigeuzwe kuwa foleni mpya, maana nao una watoto.

Kabla ya yote hayo, kuna hatua ambayo haihitaji mkutano wa wazazi wala kibali cha mji. Mabasi ya shule mengi ni ya dizeli, injini zake ni kubwa, na mara nyingi hufika mapema na kusimama karibu kabisa na mahali watoto wanapojipanga. Madereva wake wameajiriwa au wamekodiwa na shule, na mkuu wa shule anaweza kuwapa agizo asubuhi likafuatwa mchana huo huo. Barua ya kwanza kuhusu injini iandikiwe wao, na ya wazazi ifuate wakati mabasi tayari yamezimwa.