Kabla ya kadi ya grafiki, tazama pawa saplai

Kijana akifika kwa fundi hapa Kisumu na hela za kuunda kompyuta ya gemu, swali lake la kwanza ni kadi gani. Kuhusu pawa saplai, lile boksi la chuma linaloilisha kompyuta umeme, haulizi. Atachukua ile inayokuja na kasha.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Fremu, yaani picha zinazopita kwenye skrini kila sekunde, hutoka kwenye kadi. Mtu aliyejibana mwaka mzima ukimwambia apunguze kadi anunue boksi la chuma lisiloongeza hata fremu moja, ataona unamnyang'anya. Hata hesabu ya wati iko upande wake: kadi ya RTX 4060 imepimwa wati 115, prosesa ya Ryzen 5 5600 wati 65, na ukijumlisha feni, diski na mengineyo unafika kama 250. Boksi limeandikwa 500. Shida iko wapi?

Iko ukutani, kwenye soketi. Stima yetu ya volti 240 huenda mizunguko 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko ni milisekunde 20. Ndani ya pawa saplai mna kapasita inayoshikilia umeme stima inapokatika, nayo kwenye nyingi zilizo nzuri, zikibeba mzigo kamili, huhimili takriban milisekunde 16 au 17. Haimalizi hata mzunguko mmoja! Ile taa kupepesa mara moja jioni, mawingu yakijikusanya upande wa ziwa, kiasi ambacho aliye jikoni hata hainui kichwa, inatosha kuizima mashine katikati ya mechi. Sasa punguza mzigo uwe nusu: kapasita ileile hudumu karibu maradufu. Wati za ziada ambazo watu huziita ubadhirifu ndizo zinazokuvusha pale taa inapopepesa.

Halafu kuna ile swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma ya maboksi ya bei nafuu. Ukiona swichi hiyo, ujue boksi limefungwa kwenye kiwango kimoja cha volti. Jioni mtaa mzima ukiwasha majiko na pasi, volti zikashuka sana, litayumba au lizime. Boksi bora halina swichi. Hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 bila kuguswa.

Namba iliyoandikwa kwa wino mkubwa nayo usiiamini haraka. Soma laini ya volti 12, maana kadi na prosesa hulishwa na hiyo. Ikisema ampea 20, zidisha: ni wati 240, hata kama juu pameandikwa 500. Na nembo ya 80 Plus hupima tu ni umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haisemi boksi linalinda nini.

Mimi ningeshuka ngazi moja ya kadi, nichukue RX 6600, na tofauti yote niitie kwenye pawa saplai. Ni kweli picha zitapungua mng'ao, na kwa mwenye betri na sola nyumbani hoja yangu inapungua nguvu. Lakini kadi huuzwa na kubadilishwa. Boksi zuri, mengine yakiwa na dhamana ya miaka 10, huhama kutoka kasha moja hadi jingine.

Radi ikipiga karibu, hata hilo halitakuokoa. Hapo ni kuchomoa waya wa stima, na ule wa intaneti pia.