Nguvu ya bilionea haiko kwenye sanduku la kura

Januari 2025, siku chache kabla ya kukabidhi Ikulu, Rais Joe Biden aliwaonya Wamarekani kwamba utawala wa matajiri wachache unaota mizizi nchini mwao. Uchaguzi ulikuwa umepita miezi miwili tu, na ndani yake Elon Musk peke yake alikuwa amemwaga zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na wagombea wa upande wake. Wengi walimpongeza Biden. Wengine walimcheka, na walikuwa na hoja: chama chake nacho kina mabilionea wake, na kampeni ya Kamala Harris ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1 kisha ikashindwa.

Mjadala huu hukwama hapo kila unapoibuka. Huyu anasema fedha zinanunua uongozi, yule anamtajia matajiri waliotumia mamilioni wakaambulia patupu. Na orodha ya hao si fupi. Michael Bloomberg alitumia takriban dola bilioni 1 za mfukoni mwake mwaka 2020 kutafuta tiketi ya chama cha Demokrati, akashinda American Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki, na kwingineko kote akashindwa. Meg Whitman alitumia zaidi ya dola milioni 140 za kwake kuwania ugavana wa California mwaka 2010 na akaangushwa na Jerry Brown. Musk mwenyewe, akiwa bado na joto la ushindi wa Trump, alijitosa Aprili 2025 kwenye uchaguzi wa jaji wa Mahakama Kuu ya Wisconsin. Yeye na makundi anayoyafadhili walitumia zaidi ya dola milioni 20, na mgombea wao akashindwa.

Anayedai kwamba bilionea anaweza kumweka amtakaye madarakani anawajibika kuijibu mifano hiyo. Mimi siwezi. Ila naona kwamba pande zote mbili zimeelekeza macho mahali ambapo fedha hufanya kazi kwa shida zaidi. Kwenye uchaguzi mkuu kila mtu yuko macho, mpinzani naye ana fedha, na mpiga kura ana sababu zake ambazo tangazo la televisheni haliwezi kuzifuta. Penye ukimya ndipo pa kuangalia.

Chukua kifungu kimoja cha sheria ya kodi ya Marekani. Meneja wa mfuko binafsi wa uwekezaji hulipwa sehemu ya faida, mara nyingi asilimia 20, inayotokana na fedha za watu wengine anazozizungusha. Mtu wa kawaida angesema hayo ni malipo ya kazi. Sheria inayahesabu kuwa faida ya mtaji. Mshahara mnono hutozwa kodi ya serikali kuu inayofika asilimia 37. Faida ya mtaji wa muda mrefu hutozwa asilimia 20 na nyongeza ndogo juu yake. Barack Obama aliahidi kuufuta upendeleo huo. Trump akaahidi vilevile kwenye kampeni ya 2016. Biden naye akaahidi. Trump aliposaini sheria yake kubwa ya kodi mwaka 2017, kifungu kilisalimika, isipokuwa mali sasa ilitakiwa ishikiliwe miaka mitatu badala ya mmoja. Mwaka 2022 Wademokrati walikuwa na Ikulu na mabunge yote mawili, wakakigusa tena. Seneti ilikuwa imegawanyika 50 kwa 50, na seneta mmoja wa chama hichohicho, Kyrsten Sinema wa Arizona, akasema hapitishi muswada wenye kipengele hicho. Kipengele kikaondolewa.

Marais watatu wa vyama viwili, ahadi ileile, na kifungu kipo. Wanaokitetea wana maneno yao: kwamba meneja huyo anabeba hatari ya kutolipwa kitu mfuko ukipata hasara, na kwamba kodi nafuu huvutia uwekezaji wa muda mrefu. Ni hoja ya kujadiliwa. Lakini haikushinda kwa kujadiliwa. Ilishinda kwa sababu wachache wanaonufaika nacho wanakijua kwa undani na wana fedha za kukilinda mwaka hadi mwaka, wakati mamilioni wanaobeba pengo hawana hata habari kama kipo. Kuzuia, siku zote, ni rahisi kuliko kupitisha. Anayetaka kubadilisha sheria lazima ashinde kila hatua, anayetaka ibaki anahitaji kushinda hatua moja tu.

Utafiti unaotajwa sana katika ugomvi huu ni ule wa Martin Gilens na Benjamin Page wa mwaka 2014. Walipitia masuala 1,779 ya sera kati ya 1981 na 2002 wakakuta kwamba ukishayajua matakwa ya wenye kipato kikubwa na ya makundi yenye maslahi, matakwa ya mwananchi wa kawaida hayaongezi karibu chochote katika kubashiri sera ipi itapita. Habari hiyo ikaenea duniani kwa kauli moja: Marekani si demokrasia tena. Wakosoaji wakarudi kwenye takwimu zilezile na kuonyesha kwamba katika karibu masuala 9 kati ya 10, watu wa kati na wenye nacho walitaka jambo lilelile. Na pale walipotofautiana, wenye nacho walishinda zaidi kidogo tu ya nusu ya mara zote. Ukweli huo unapunguza makali ya hitimisho la kwanza, na umma haukuusikia kwa sauti ileile. Hata hivyo kuna jambo ambalo kambi zote mbili hulipita haraka. "Tajiri" wa utafiti ule ni mtu aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya kipato, yaani daktari, wakili, meneja wa tawi la kampuni. Huyo si bilionea. Utafiti wa maoni hauwezi kumpata bilionea, maana hao ni wachache mno kuingia kwenye sampuli. Tumegombana miaka zaidi ya kumi juu ya nguvu ya matajiri wakubwa kwa kutumia kipimo kisichowaona.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya Bloomberg. Mali kubwa iliyo nje ya mikono ya serikali ni ngome pia. Gazeti la upinzani linahitaji mwenye fedha asiyeogopa kukosa tenda ya serikali. Na kuna kazi ambazo serikali hukataa kuzifanya. Julius Rosenwald, mmoja wa wamiliki wa kampuni ya maduka ya Sears, alisaidia kujenga karibu shule 5,000 za watoto weusi kusini mwa Marekani katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, wakati majimbo yenyewe yaliwatelekeza watoto hao kwa makusudi. Jamii za weusi zilichanga pia, kwa fedha na kwa jasho. Kusubiri kura ya wengi kungekuwa na maana gani mahali ambapo weusi walikuwa wamezuiwa kupiga kura?

Naikubali hoja hiyo, na bado inanipa wasiwasi. Wakfu wa Gates umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wafadhili wakubwa kabisa wa Shirika la Afya Duniani, na sehemu kubwa ya fedha zake hufika zikiwa zimeshapangiwa kazi, vita dhidi ya polio ikiwa mbele. Polio imerudishwa nyuma hadi karibu kutoweka. Hilo si jambo la kubeza. Lakini waziri wa afya wa nchi maskini hana siku atakayoweza kumpigia kura mfadhili huyo abaki au aondoke, na mfadhili akibadili kipaumbele, ajenda ya dunia inatikisika. Wema wa aina hii hutegemea tabia ya mtoaji. Rosenwald mmoja hatuhakikishii wa pili.

Kinachofanya nisite zaidi kujiunga na wanaotaka mabilionea washughulikiwe haraka ni yaliyotokea Urusi. Mwaka 1995 serikali ya Boris Yeltsin ilikuwa haina fedha, na Wakomunisti walikuwa wanaelekea kuchukua nchi kwa kura mwaka uliofuata. Ikakopa kwenye benki za matajiri wapya kwa kuweka rehani hisa za mashirika yake bora. Mkopo haukulipwa, hisa zikabaki kwa wakopeshaji. Kundi la Vladimir Potanin lilipata asilimia 38 ya Norilsk Nickel, jitu la dunia katika uzalishaji wa nikeli, kwa mkopo wa dola milioni 170 hivi. Benki ya Mikhail Khodorkovsky ilihusika kuuendesha mnada wa kampuni ya mafuta ya Yukos, na kundi lake likaibuka mshindi wa mnada huohuo. Mwaka 1996 fedha na televisheni za matajiri hao zilimbeba Yeltsin, aliyekuwa ameanza mwaka akiwa hoi kwenye kura za maoni, hadi muhula wa pili.

Ukitaka mfano wa dola kutekwa na wenye mali, huo hapo, mchana kweupe. Basi alipokuja Vladimir Putin na kuwaita mezani Julai 2000, wakielewa kwamba mali zao hazitaguswa mradi wakae mbali na siasa, Warusi wengi waliona haki imefika. Vladimir Gusinsky, mwenye televisheni ya NTV iliyokuwa ikimkosoa rais, alikuwa ameshaonja korokoro mwezi Juni. Mwaka uliofuata Gazprom, kampuni ya gesi iliyo chini ya serikali, ikaichukua NTV. Khodorkovsky, aliyekuwa anafadhili vyama vya upinzani, alikamatwa Oktoba 2003 na akakaa kifungoni miaka kumi. Desemba 2004 kampuni kuu ya uzalishaji ya Yukos iliuzwa kwenye mnada kwa kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, na kabla mwezi haujaisha ikawa mali ya Rosneft, shirika la mafuta la serikali.

Mali ile ilipatikana kwa hila, sina ubishi. Swali ni ilikwenda wapi iliponyang'anywa. Raia wa kawaida hakuipata, wala hakupata sauti. Matajiri waliobaki walijifunza kwamba utajiri wao ni wa kuazima, na anayeazima hutii. Urusi ilitoka kwenye matajiri wanaomshika rais mkono ikaingia kwa rais anayewashika matajiri shingo, na televisheni zilizokuwa zikigombana kwa niaba ya mabwana tofauti zikaanza kusema neno moja.

Linganisha na Standard Oil. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani, ikitumia sheria ya 1890 ya kuzuia ukiritimba, iliamuru kampuni ya John D. Rockefeller ivunjwe, zikazaliwa kampuni 34. Rockefeller hakufungwa. Tena, na hili huwaudhi wengi, alizidi kutajirika, kwa sababu hisa za vipande zilipanda thamani. Alichopoteza ni uwezo wa kuamua peke yake nani auze mafuta na kwa bei gani. Kwa maoni yangu huo ndio ushindi unaofaa kutafutwa. Ulikuja kwa sheria iliyotungwa miaka 21 kabla ya hukumu, mbele ya mahakama, bila kuacha nafasi ya mtawala kuchagua tajiri gani anamchukia leo.

Kuna wanaosema juhudi zote hizo ni kazi bure kwa kuwa wachache watatawala tu. Mwanasosiolojia Robert Michels alifika huko mwaka 1911 baada ya kukichunguza chama cha wafanyakazi cha Ujerumani: hata wanaopigania usawa, chama kikikua, uongozi huishia kwa kikundi kidogo kisichong'oka. Alichokiona kilikuwa cha kweli. Lakini Michels mwenyewe baadaye alijiunga na chama cha kifashisti cha Mussolini, dikteta wa Italia, jambo linalonifanya niwe mwangalifu na watu wanaoniambia kwamba hakuna tofauti kati ya wachache wanaohojiwa na wachache wasiohojiwa.

Siku hizi dawa inayotajwa sana ni kodi ya mali. Mwaka 2024, Brazil ikiwa mwenyekiti wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, mchumi Gabriel Zucman alipendekeza mabilionea wa dunia, watu karibu 3,000, walipe kila mwaka angalau asilimia 2 ya mali yao. Makisio yake ni dola bilioni 200 hadi 250. Bunge la Ufaransa lilipitisha kodi ya mfano huo Februari 2025, Seneti ikaikataa mwezi Juni. Wapinzani wanataja Norway, ambako baada ya kodi ya mali kupandishwa mwaka 2022 matajiri kadhaa walihamia Uswisi, na wanakumbusha kwamba nchi 12 za OECD, jumuiya ya nchi nyingi zilizoendelea, zilikuwa na kodi ya namna hiyo mwaka 1990 na 4 tu mwaka 2017. Watetezi wanajibu kwamba ndiyo sababu kodi ya sasa inapangwa kuwa ya kimataifa. Sina pingamizi na wazo lenyewe. Nina shaka na mpangilio: huwezi kuitoza mali usiyojua ni ya nani.

Nyaraka milioni 11.5 za Panama, zilizovuja mwaka 2016, zilionyesha jinsi majina ya wenye mali yanavyofichwa nyuma ya kampuni za jina tu, na waziri mkuu wa Iceland alijiuzulu ndani ya siku chache. Mwaka huohuo Uingereza ilifungua rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuona nani hasa anamiliki kampuni. Ulaya ilifuata, kisha Novemba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kumfungulia kila mtu rejista hizo kunakiuka faragha. Hoja ya mahakama si ya kipuuzi, maana wapo wenye mali wanaowindwa na watekaji, na sheria mpya ya mwaka 2024 imewaachia mlango waandishi wa habari na asasi za kiraia.

Marekani ilipata sheria yake ya kuwataja wamiliki halisi ndani ya muswada wa ulinzi, siku ya kwanza ya mwaka 2021, kwa zaidi ya theluthi mbili za mabunge yote mawili kuipindua veto ya Trump. Machi 2025 Wizara ya Fedha ilitangaza kwamba haitaitekeleza dhidi ya raia wa Marekani wala kampuni za ndani. Sheria haikufutwa, na hakuna mbunge aliyetakiwa kupiga kura.