Maneno Yakipotea, Mawazo Hubaki Wapi?

Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimuuliza mgonjwa aitwaye Leborgne amelazwa hapo kwa miaka mingapi. Leborgne alikuwa na umri wa miaka 51, upande wa kulia umepooza, na kwa muda wa miaka 20 na ushei karibu kila alichotaka kusema kilitoka kama silabi moja: "tan". Alikunjua vidole vya mkono wa kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Ishirini na moja, na hesabu ilikuwa sahihi. Kesho yake Broca akarudia swali, akapata jibu lile lile. Alipouliza mara ya tatu, mgonjwa alitambua kwamba anapimwa, akakasirika. Siku chache baadaye alifariki, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha jeraha sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto.

Leborgne anajulikana kwa sababu ya jeraha lile. Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni vile vidole. Mtu asiye na maneno alihesabu miaka, akakumbuka jibu la jana, akasoma nia ya anayemuuliza. Alifanya hayo kwa kutumia nini?

Kiswahili chenyewe kinatuvuta kuamini kwamba kufikiri ni kusema kimyakimya. Tunasema "nikajiambia", "nikasema moyoni". Na wapo wanasayansi walioshika njia hiyo. Lev Vygotsky, katika Urusi ya miaka ya 1920 na 1930, aliona kwamba watoto wadogo hujisemea kwa sauti wanapofanya kazi ngumu, na kadiri wanavyokua sauti hiyo huingia ndani. Kwake yeye, ile sauti ya ndani ndiyo inayompa mtoto uwezo wa kupanga na kujizuia.

Ushahidi wa kuipinga hoja hii, ikichukuliwa kwamba wazo lote ni maneno, ni mwingi. Mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake nchini Uingereza walitoa matokeo ya wanaume watatu wenye afasia kali, yaani lugha iliyoharibiwa na jeraha la ubongo. Sentensi za aina ya "simba alimuua mtu" na "mtu alimuua simba" ziliwachanganya: maneno mmoja mmoja waliyaelewa, lakini nani kamtenda nani, hapana. Walipopewa hesabu kwa tarakimu, zile ambazo mpangilio hubadili jibu, kama 59 − 13 na 13 − 59, walizifanya. Waliweza hata hesabu zenye mabano. Kanuni za mpangilio zilikufa kwenye sentensi zikabaki hai kwenye hesabu.

Picha za ubongo zinasema hivyo hivyo, ila hapa pana mtego. Mashine ya MRI haipimi wazo. Inapima damu yenye oksijeni, ambayo huongezeka mahali seli za neva zilipofanya kazi na kufikia kilele baada ya sekunde 5 au 6, wakati wazo lenyewe limeshapita. Kila kijisanduku cha picha, chenye milimita 2 au 3 kila upande, kina malaki ya seli. Tatizo jingine ni kwamba ubongo wa Asha haujapangwa sawasawa na wa Musa. Ukirundika picha za watu ishirini na kutafuta wastani, mipaka inavurugika, na eneo la lugha litaonekana linashiriki katika kila kitu, kuanzia muziki hadi hesabu. Evelina Fedorenko, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, alibadilisha utaratibu: kwanza kila mtu asome sentensi halisi, kisha maneno ya kubuni yasiyo na maana (fikiria "mtoto anakula ugali" dhidi ya "bitalo sengaru mupi"), ili maeneo yake mwenyewe ya lugha yajulikane. Ndipo apewe hesabu au kazi ya kumbukumbu. Katika matokeo ya mwaka 2011, maeneo hayo yalichangamkia sentensi na karibu kunyamaza kwa hayo mengine.

Je, kesi imekwisha? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Wagonjwa wa Varley walijifunza kuhesabu wakiwa na lugha nzima. Ubongo wa mtu mzima ulioharibika unaonyesha kazi gani inaweza kuendelea bila lugha, lakini hauonyeshi namna kazi hiyo ilivyojengwa tangu utotoni. Fundi akishamaliza ukuta huliondoa jukwaa, nao ukuta husimama.

Basi tuwatazame walioanza bila jukwaa. Wapirahã wa Amazon, Brazili, hawana maneno ya idadi kamili. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2008, waliwekewa vigurudumu vya uzi mezani, nao wakavilinganisha kimoja kwa kimoja na maputo bila shida, hata vikiwa vingi. Vigurudumu vilipofichwa, makosa yakaanza. Usawa waliuona vizuri. Walichokosa ni chombo cha kubebea "saba" kutoka dakika moja hadi nyingine.

Mfano wa Nikaragua unanishawishi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto viziwi walikusanywa shuleni Managua, na lugha ya alama ikazaliwa mikononi mwao. Kundi la kwanza lilikuwa na alama chache za "kudhani" na "kujua". Wadogo zao walikuwa nazo nyingi. Jennie Pyers na Ann Senghas waliwapima kwa picha: mtu anaweka kitu mahali, anatoka, mwingine anakihamisha; akirudi atakitafuta wapi? Wakubwa, watu wazima wenye kazi na maisha yao, walishindwa mara nyingi kuliko wadogo. Baada ya miaka kama miwili walikuwa wamejifunza alama hizo, na matokeo yao yakapanda. Sasa linganisha na mgonjwa mmoja wa afasia kali ambaye Varley na Michael Siegal walimweleza mwaka 2000: lugha yake imevunjika, lakini jaribio la aina hiyo hiyo alilifaulu. Uwezo ni ule ule. Lugha ilihitajika kuujenga, haikuhitajika kuutumia. Naona pande zote mbili zina haki, kila moja kwa wakati wake katika maisha ya ubongo.

Jambo hili linagusa vitanda vya wodini. Kiharusi kikifunga mshipa mkubwa wa damu upande wa kushoto wa ubongo, mgonjwa anaweza kupoteza usemi na kuelewa, na familia ikaanza kunong'ona kwamba akili imehama, ikaamua mambo ya shamba na matibabu mbele yake bila kumuuliza. Muulize kwa sentensi fupi, kisha nyamaza na kuhesabu taratibu hadi kumi kabla ya kurudia. Uliza kwa jozi: "Wewe ni Juma?" na baadaye, "Wewe ni Ali?" Akiitikia kwa kichwa yote mawili, usihitimishe kwamba hajui jina lake. Ndiyo na hapana ni maneno pia, nayo huchanganyika; wapo wanaotikisa kichwa kukataa huku wakikusudia kukubali. Hamia kwenye kuonyesha: kikombe na dawa mbele yake, picha za watoto wake, tarakimu kwenye karatasi, vyote upande wa mkono wenye nguvu na anakoona vizuri. Kumpigia kelele hakusaidii, masikio yake ni mazima. Wala usiruke upande wa pili na kudhani kila kitu kiko salama, maana kiharusi kikubwa huweza kugusa kumbukumbu na umakini pia. Andika alichoonyesha, kisha kesho uliza tena.