Mchoro au Picha: Tuamini Kipi Tunapounda Modeli ya Jaguar E-Type?

Anayetaka kuunda modeli ya pande tatu ya Jaguar E-Type, gari la michezo la Uingereza, kwenye kompyuta huanza, karibu kila mara, kwa kutafuta mchoro wa gari hilo unaoonyesha ubavu, mbele, nyuma na juu. Anauingiza kwenye Blender, programu ya kuunda modeli, anaupanga nyuma ya kazi yake na kuanza kufuatisha mistari. Wapo wanaoamini kwamba bila mchoro huo hakuna usahihi. Wapo pia, na wengi wao ni wazoefu, wanaosema michoro hiyo itupwe na kazi ifanywe kwa picha tu. Nimezipitia njia zote mbili, na naona kila upande una hoja nzito ambayo wenzao wanaipita haraka mno.

Hoja ya wapenda mchoro ni hii: mchoro wa kiufundi haujui karibu wala mbali, ilhali kamera inajua, na hapo ndipo inapotudanganya. Kwenye E-Type, kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia ni milimita 1,270 hivi. Simama ubavuni, mita 4 kutoka gurudumu lililo karibu nawe, upige picha: gurudumu la upande wa pili litaonekana dogo kwa takriban asilimia 24. Rudi nyuma hadi mita 20 na tofauti itashuka hadi asilimia 6 hivi, lakini haitaisha. Hasara kubwa iko kwenye pua. Ncha ya pua ya E-Type iko kwenye mstari wa katikati ya gari, kwa hiyo iko mbali na kamera kuliko magurudumu unayoyatazama. Picha ya karibu huifupisha. Ukiifuatisha kama ilivyo, utapata E-Type yenye pua fupi, yaani utakuwa umepoteza kile kile kinachomfanya mtu ageuke gari hili linapopita.

Hoja hiyo ina nguvu, ila inadhani kwamba mchoro ulichorwa na aliyelipima gari. Mingi inayozunguka mtandaoni haikutoka kiwandani. Ilichorwa kwa kutazama picha, ikanakiliwa, ikavutwa huku na kule, na makosa ya picha yakahamia humo yakiwa yamevaa sura ya vipimo. Mchoro wangu wa kwanza wa E-Type ulikuwa safi, wa mistari myembamba ya kupendeza. Nilifanya kazi ya boneti jioni tatu kabla ya kufikiria kuupima. Umbali kati ya ekseli za gari hili lenye viti viwili, katika toleo la kwanza na la pili, ni inchi 96, yaani milimita 2,438. Nilipolinganisha urefu wote wa gari na ule halisi, umbali wa ekseli kwenye mchoro wa ubavu ulizidi kwa karibu sentimita 6, na mchoro wa juu haukukubaliana na wa ubavu. Kisha nikaziona taa. Za mbele zilikuwa zimefunikwa kwa kioo, kama zilivyokuwa kwenye magari ya miaka ya mwanzo. Za nyuma zilikuwa kubwa, zimekaa chini ya bampa, kama zilivyokuja kwenye toleo la pili la 1968. Gari lile halikuwahi kutoka kiwandani popote. Nilifuta boneti yote.

Hapo ndipo wapenda picha wanaposhinda, maana jina “E-Type” halitaji gari moja. Lilizinduliwa Geneva Machi 1961 likiwa na injini ya lita 3.8, na mwaka 1964 ikaja ya lita 4.2. Mwaka 1966 likaongezwa umbo lenye viti vidogo vya nyuma, ambalo ekseli zake zimeachana kwa inchi 105 na paa lake limeinuka. Mwaka 1971 likaja toleo la tatu lenye injini ya silinda 12. Hata ndani ya mwaka mmoja mambo yalibadilika: magari ya mwanzo kabisa yalikuwa na komeo za boneti upande wa nje, na sakafu yake ilikuwa bapa. Mchoro hauwezi kukueleza hayo kama aliyeuchora hakuyajua. Picha ya gari moja, lenye namba ya chasi inayojulikana, inaweza.

Lakini picha nazo zina mtego ambao watetezi wake hawautaji mara nyingi. E-Type nyingi tunazoziona leo zimefanyiwa ukarabati mkubwa, baadhi zaidi ya mara moja. Zimepata boneti mpya, rimu pana kuliko za awali, mianya ya milango iliyonyooka kuliko kiwanda kilivyowahi kuinyoosha. Picha kali yenye mwanga mzuri uliyoipata inaweza kuwa kumbukumbu ya kazi ya fundi wa juzi. Picha za miaka ya 1960, hata zenye ukungu, nazipa uzito zaidi katika jambo lolote linalohusu umbo.

Kuna programu ya bure, fSpy, inayokokotoa mahali kamera ilipokuwa kwa kutumia mistari sambamba iliyo kwenye picha. Kwa jengo inafanya kazi vizuri ajabu. E-Type haina mistari iliyonyooka ya kutosha, kwa hiyo tafuta picha ambayo gari limeegeshwa juu ya vigae, au mbele ya ukuta wa matofali, kisha tumia mistari ya mandhari hayo pamoja na ule umbali wa ekseli. Picha tano au sita za namna hiyo, za gari lile lile, zinafunga mjadala mwingi.

Wengine husema mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwamba skana ya leza inamaliza kila kitu. Inasaidia sana kwa anayeweza kulifikia gari. Hata hivyo rangi inayong’aa, kromu na vioo huisumbua leza, na hata ikifanikiwa, inapima gari jinsi lilivyo leo.

Msimamo wangu ni kwamba njia ya kutafuta marejeo ifuate jinsi gari lenyewe lilivyozaliwa. Malcolm Sayer, aliyechora umbo la E-Type, alitoka kwenye kazi ya ndege, na mikunjo ya bodi aliikokotoa kwa hesabu. Gari la aina hiyo linastahili kuanzwa kwa namba: vipimo vya kitabu cha mafundi, katalogi ya vipuri, na fomu za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, za kuidhinisha magari ya mashindano, ambazo huwa na vipimo na picha pamoja. Chora sanduku la vipimo hivyo kwanza, weka magurudumu mahali pake, ndipo ulete picha. Mchoro uje mwisho, na ukipingana na namba, utoke.

Ferrari 250 GTO, gari la mbio la Italia, ni kesi tofauti kabisa. Yalitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, bodi za alumini zikigongwa kwa mkono kwenye karakana ya Scaglietti, na baadhi ya magari ya 1962 yalivishwa baadaye bodi ya 1964. Hakuna mawili yanayolingana, na hata ubavu wa kushoto na wa kulia wa gari moja hutofautiana. Hapo mchoro mmoja wa “250 GTO” hauna maana. Chagua chasi moja na mwaka mmoja, kusanya picha za pande zote mbili, na usiunde nusu ya gari kisha ukaiakisi kwa kubofya kitufe.