Muuaji yuko mlangoni: Kant, Constant na uongo wa kuokoa roho

Mwaka 1797 Benjamin Constant, mwandishi wa siasa mzaliwa wa Lausanne, Uswisi, ambaye hata miaka 30 hajatimiza, alichapisha Paris kijitabu kuhusu misukosuko ya siasa iliyofuata Mapinduzi ya Ufaransa. Humo ndani, kama mtu anayepita tu, alimchokoza mwanafalsafa mmoja wa Kijerumani bila kumtaja jina. Huyo bwana, alisema, amefika mahali pa kudai kwamba ni kosa kumdanganya muuaji anayekuuliza kama rafiki yako anayemwinda amejificha nyumbani kwako. Mfasiri aliyekitia kijitabu hicho katika Kijerumani akaongeza kwamba anayesemwa ni Immanuel Kant, mzee wa miaka 73 wa Königsberg, mji ambao siku hizi unaitwa Kaliningrad na uko Urusi.

Kant angeweza kunyamaza. Badala yake alikiri kwamba aliwahi kusema jambo hilo mahali fulani, ila hakumbuki wapi, na Septemba mwaka huohuo akachapisha makala katika jarida la Berlin kulitetea. Ni makala ya kurasa chache tu, lakini kwa zaidi ya miaka 200 imekuwa fimbo ya kumchapia. Wanaoipinga falsafa ya wajibu, ile inayopima tendo kwa kanuni badala ya matokeo, huanzia hapo: tazameni kanuni inavyomfikisha mtu pabaya. Mimi nami naona Kant anashindwa kesi hii. Ila hashindwi kwa sababu zinazotajwa mara nyingi, na aliyemshinda ana deni lake ambalo hajalilipa.

Kwanza tumsikilize mshtakiwa. Kant hasemi kwamba muuaji anastahili heshima, wala kwamba roho ya rafiki si kitu. Hoja yake imekaa kisheria zaidi kuliko watu wanavyoikumbuka. Kila mapatano kati ya watu, kuanzia deni la jirani hadi mkataba kati ya mataifa mawili, yanasimama juu ya jambo moja: neno lililotamkwa linaweza kuaminiwa. Anayesema uongo, hata kwa nia njema, anapunguza nguvu ya matamko yote. Huenda asimdhuru mtu huyu au yule, lakini anawadhuru wanadamu kwa jumla, kwa kuwa anakichafua chanzo ambacho haki za mikataba hutoka. Ndiyo maana, kwa Kant, ukweli hauwi wajibu wangu kwa fulani au fulani. Ni wajibu kwa kila mtu, na hausimami kungoja nipime anayeniuliza ni mwema au mbaya.

Kisha inakuja hoja ya pili, na hii ndiyo inayowafanya wasomaji wacheke au wakasirike. Tuseme umemjibu muuaji kwamba rafiki yako hayumo ndani, kumbe bila wewe kujua rafiki amekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma. Muuaji anageuka, anakutana naye njiani, anamuua. Hapo, anasema Kant, unaweza kushtakiwa kwa haki kwamba umesababisha kifo chake. Ungesema kweli kadiri unavyoijua, pengine muuaji angekuwa bado anapekua vyumba wakati majirani wanakuja mbio kumkamata. Mwenye kusema uongo anabeba matokeo yote, hata yale asiyoweza kuyaona mbele. Mwenye kusema kweli, likitokea baya, limetokea kwa bahati mbaya. Si yeye aliyelitenda.

Sehemu ya kwanza ya hoja hii ina uzito kuliko inavyopewa. Mtu anapodanganya anachukua usukani wa mambo. Anaamua mwenzake ajue nini na asijue nini, na huamua hivyo kwa kukisia yatakayofuata. Makisio yake yakienda kombo, hawezi kusema hahusiki. Kila aliyewahi kuficha ugonjwa wa mzazi kwa ndugu wengine "ili wasishtuke" anajua bili hiyo ikija inakuja kwa nani. Kant hapa anasema jambo la kweli kuhusu dhamana.

Sehemu ya pili ndiyo inayovunjika. Kama aliyedanganya anabeba matokeo kwa sababu neno lake lilikuwa kiungo katika mnyororo wa matukio, basi neno la aliyesema kweli ni kiungo vilevile. Muuaji akielekezwa "yumo chumba cha pili", akaingia, akaua, ni vigumu kuiita bahati mbaya. Ile bahati mbaya ina anwani, na anwani hiyo ameitoa mwenye nyumba. Kant anamsamehe msema kweli kwa bei rahisi mno, kana kwamba kanuni njema inafuta kilichotendeka. Na majirani wanaokuja mbio ni majirani wa kubuniwa. Anayetaka kubuni anaweza pia kubuni majirani wanaokuja mbio wakati muuaji amedanganywa na anapekua zizi la ng'ombe.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba Kant huyuhuyu, alipokuwa akifundisha maadili miaka ya nyuma, aliwahi kulegeza kamba. Katika maandiko ya wanafunzi waliohudhuria mihadhara yake imo kesi ya mtu anayekabwa ili aseme pesa zake ziko wapi. Hapo mwalimu alikubali kwamba mtu akilazimishwa kutoa jibu litakalotumiwa kwa dhuluma, na kunyamaza hakutamsaidia, uongo unakuwa silaha ya kujilinda. Mzee wa 1797 hamkumbuki mwalimu huyo. Wanaodhani uzee ulimfanya mgumu huenda wanarahisisha. Ninavyoona, tofauti iko katika jukwaa. Darasani alikuwa akizungumza na vijana kuhusu maisha yao. Dhidi ya Constant alikuwa akijibu dai la kisheria: kwamba mtu ana *haki* ya kusema uongo.

Na dai hilo lilitoka kwa mtu mwenye mambo yake kichwani. Constant alifika Paris mwaka 1795, mwaka mmoja baada ya kuanguka kwa Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi aliyetawala kwa vitisho na mauaji. Alikuta watu wamechoshwa na maneno makubwa. Vichwa vilikuwa vimekatwa kwa jina la kanuni, na wengi waliamua kwamba kanuni zenyewe ndizo hatari. Constant hakukubali. Alisema kanuni haina kosa. Kosa ni kuirusha kutoka juu hadi chini bila kanuni za kati za kuiunganisha na maisha. Mfano wa muuaji aliuleta kuonyesha hilo. "Sema kweli daima", ikichukuliwa peke yake, ingeifanya jamii yoyote isikalike. Lakini wajibu hauwezi kutenganishwa na haki: ninawajibika kwako pale ambapo wewe una haki juu yangu. Kwa hiyo kusema kweli ni wajibu kwa yule tu mwenye haki ya kuupata ukweli, na hakuna mwenye haki ya ukweli unaowadhuru wengine. Hugo Grotius, mwanasheria wa Uholanzi, alikuwa amekwisha kuandika jambo la karibu na hilo mwaka 1625.

Msomaji wa pwani yetu hatalionea ajabu. Imam Nawawi, katika *Riyadh as-Salihin*, kitabu kinachosomwa misikitini na madrasa za Afrika Mashariki, anataja kesi hiyohiyo ya mtu aliyejificha asiuawe na dhalimu, na anasema kwamba anayeulizwa juu yake analazimika kuficha hata kwa uongo. Ghazali, mwanachuoni mwingine wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikuwa amefika hapo kabla yake. Wote wawili wanaiweka ruhusa hiyo kama dharura. Asili ya uongo inabaki kuwa haramu, na wanapendekeza kwanza maneno yenye maana mbili kabla ya kufikia uongo mtupu. Kwa mpangilio, hiyo ni kanuni ya kati ambayo Constant alikuwa akiitafuta, na nadhani wameipanga vizuri kuliko yeye.

Maana udhaifu wa Constant uko palepale anapojidai kuwa na nguvu. Nani anaamua fulani hana haki ya kweli yangu? Muuaji mwenye panga ni rahisi. Lakini afisa wa kodi? Mke anayeuliza mshahara? Mwandishi wa habari anayeuliza zilikokwenda fedha za hospitali? Kila mmoja wao "atawadhuru wengine" akiupata ukweli, ukimuuliza anayeuficha. Watawala hawakosi kamwe muuaji mlangoni: leo ni adui wa nje, kesho ni wachochezi, keshokutwa ni wawekezaji watakaoshtuka. Constant aliandika ili kuzilinda kanuni dhidi ya watu waliozipinda, kisha akawaachia kipimo ambacho kila mpindaji anaweza kukishika mwenyewe. Hili ndilo deni nililolisema. Kant aliliona mara moja: ukishasema ukweli ni mali ya wenye haki nayo, umempa kila mtu cheo cha hakimu.

Kati yao ipo njia ya tatu iliyotangulia, na ilitoka Afrika. Augustino, mwanateolojia wa Kikristo aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo, alikataza uongo wote kabla ya Kant kwa karne 14. Anasimulia habari za Firmus, askofu wa mji huohuo wa Thagaste, aliyemficha mtu aliyekuwa akitafutwa na watumishi wa kaisari. Walipomjia, hakusema hayupo. Alijibu kwamba hatasema uongo wala hatamtoa mtu. Wakamtesa, hakubadilika, na mwishowe kaisari mwenyewe akamsamehe yule aliyefichwa. Ni kisa kinachotia moyo, lakini kina masharti yake: kaisari mwenye kusikia, na askofu anayejulikana. Firmus alilipia usafi wa ulimi wake kwa mwili wake mwenyewe. Tatizo la mlango wa Constant ni kwamba atakayelipa ni mwingine, na kimya chenyewe ni jibu. Anayesema "sisemi" amekwisha kusema.

Rwanda ya 1994 mlango huo ulikuwepo kweli, maelfu kwa maelfu, na mtu mmoja anatosha kuonyesha. Zura Karuhimbi, bibi wa kijijini aliyejulikana kwa kutibu kwa mitishamba, aliwaficha watu wengi nyumbani na shambani mwake. Silaha hakuwa nazo. Alikuwa na sifa ya uchawi tu, akaitumia. Alijipaka mmea unaowasha ili atakayemgusa aungue, akawatishia wauaji kwamba wakiingia watakuwa wamejichimbia kaburi kwa mizimu. Hawakuingia. Baadaye alieleza kwamba uchawi ule ulikuwa wa kubuni. Serikali ilimpa nishani mwaka 2006, naye alifariki mwaka 2018.

Ukimweka Zura mbele ya Kant, hoja ya matamko inakosa pa kushika. Mkataba gani uliobomolewa pale kizingitini? Kati ya bibi na wale vijana hakukuwa tena na neno linaloaminiwa ambalo uongo wake ungeliharibu. Lakini hata maelezo ya Constant hayatoshi. Hakukaa akapima nani ana haki ya kujua nini. Swali lenyewe, "wako wapi?", lilikuwa sehemu ya mauaji, na kulijibu kwa kweli kungekuwa kushika upande mmoja wa panga. Hapo ndipo ninaposimama: mwenye kuuliza ili aue haulizi habari, anaomba msaada, na msaada huo unanyimwa kwa njia yoyote iliyopo.

Wapo wanaomtetea Kant kwa kumtumia Kant. Christine Korsgaard, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 1986 kwamba kipimo maarufu cha Kant, kile cha kutaka kanuni yako iweze kuwa sheria ya wote, hakiukatazi uongo huu. Muuaji hubisha hodi akijifanya hana neno. Anayemdanganya mdanganyifu anaweza kutaka kila mtu afanye hivyo, na bado uongo wake ukafanya kazi. Ni hoja ya kijanja na nadhani ni sahihi kwa muuaji anayejificha. Kwa wale waliokuja Rwanda na mapanga mchana kweupe, wakijitangaza, haifai kitu.

Linabaki jambo la Kant mwenyewe. Oktoba 1794 Mfalme Friedrich Wilhelm II wa Prussia, dola ya Kijerumani alimoishi Kant, alimkaripia kwa maandishi yake kuhusu dini na kumtaka aache. Kant alijibu kwamba, kama "raia mtiifu kabisa wa Mfalme", hatafundisha wala kuandika tena juu ya dini. Mfalme alikufa Novemba 1797, miezi miwili baada ya ile makala ya uongo kutoka. Mwaka 1798 Kant akachapisha kitabu kinachozungumzia dini, na katika dibaji akaeleza kwamba yale maneno aliyachagua kwa makusudi: alikuwa raia wa mfalme yule, na kwa muda wa uhai wake tu.

Wengine humwita mnafiki kwa hilo. Mimi siendi huko. Hakuahidi kitu akakivunja. Alitumia neno lenye mlango wa nyuma, akamwacha mfalme aelewe anavyotaka. Alijua vizuri, tena kwa faida yake, kwamba kati ya kusema yote na kusema uongo kuna nafasi pana ya mtu mwenye akili kupita. Mwenye nyumba wa Constant hakuachiwa hata upenyo. Kant ndiye aliyeweka sharti katika makala yake kwamba swali haliwezi kukwepwa, na jibu lazima liwe ndiyo au hapana.